Wingu ya Nyuma ya Mulima

Siku ya kwanza, 13 avril 2026

Cahier hii binti yangu Priscille alininunulia juu niandike wingu. Tarehe, upepo, rangi ya mbingu, basi. Papa, usiandike mambo ya watu ndani, akasema. Donc naandika mambo ya watu ndani, na cahier inalala chini kabisa ya mufuko ya maharagwe, pale mukono yake haitafika mbele ya mwezi wa sita.

Wingu ya leo: upande wa Nyankunde nyeusi tangu asubuhi. Upande wa Mongbwalu safi. Upepo baridi kwenye shingo. Nilipanda kilima saa ine, goti ikilia sawa mulango ya sacristie. Saa tano kamili nikaita Musoki na simu kule Kasenyi, kwenye ziwa. Nyekundu, mama. Akatundika pagne nyekundu kwenye muti yake, pale anakaanga samaki, na mitumbwi yote ikabaki kwenye muchanga. Ingekuwa safi, ningesema njano, angetundika ya njano, wangetoka.

Watu wa kule chini hawaone nyuma ya mulima. Wanaona ukuta. Upepo ikiruka ile ukuta, wanaijua wakati iko tayari ndani ya midomo yao. Mimi niko Bunia, niko juu. Mvua inapita kwangu kwanza, inachafua nguo ya Priscille kwenye kamba, halafu inashuka kwa ziwa. Masaa tatu ya njia. Mara ingine ine. Nilivua samaki miaka makumi tatu, sasa nachunga mawingu sawa mutu wa ng'ombe. Shida ni kwamba haina mukia ya kushika.

Leo ilishuka, ilipiga, hakuna mutu alikuwa kwenye maji. Vizuri.

Mais tangu Pasaka nimekosea mara mbili, na hiyo sijaambia mutu. Mara ya kwanza nilisema njano, upepo ikatoka upande wa Uganda, kule macho yangu haifike. Mitumbwi ilirudi na maji ndani mupaka kwa magoti. Mara ya pili wingu ilifika juu ya Bunia, ikasimama, ikarudi kule ilitoka. Sijaona wingu inarudi, mimi. Ilisahau nini nyumbani?

Naogopa. Nimeandika ile neno, sasa nataka kuifuta, na Bic haifutike.

Siku ya pili, 14 avril

Nyekundu tena. Na jua ikawaka siku muzima. Aibu ya muzee.

Fiacre wangu wa Kasenyi aliita saa tisa, na sauti ya mutu iko na hasira lakini hawezi kutukana baba yake.

— Papa, huku jua inakaanga samaki mbele ya Musoki.

— Basi kaa kivulini.

— Watu wanasema unakunywaka mbele ya kupanda kilima.

— Waambie ni uongo. Nakunywaka kisha kushuka. Nikikunywa mbele nitaanguka, halafu nani atawafungia ninyi kwenye muchanga?

Akacheka. Kidogo tu, na pua. Halafu akasema samaki kapiteni wamekwenda chini, kwenye maji mingi, sababu hapa kwenye ukingo maji imekuwa moto na chafu. Nikamuambia mwanangu, kisha mvua, wakati muto inamwaga udongo, tega karibu. Tilapia wanakuya kula pale maji ya rangi ya chai inapatana na maji safi. Akasema pale karibu ni nyumba. Ni kweli. Ziwa imepanda, imekula barabara yote ya chini ya Kasenyi, na tilapia sasa wanazaa ndani ya nyumba ya mwalimu wangu wa darasa ya cinquième. Mimi alinifukuza. Wao hajawafukuza. Fiacre akasema ndiyo, Papa, na fileti ya kuvua inapasuka kwenye bati ya nyumba yake. Kesho ukisema njano mimi na Claude tunaenda mbali, kwa kapiteni.

Claude ni ndugu mudogo wa Musoki. Wanavua pamoja wawili, moteur moja, fileti moja, na kichwa moja kwa wote wawili, siku zingine.

Jioni Priscille akasema, kwa upole, sawa mutu anaweka yai chini: Musoki anasema nyekundu ikiwa nyingi wataacha kuangalia muti. Nikamuambia Musoki aongeze chumvi kwa samaki yake na aniachie mawingu.

Mais ako na haki. Nyekundu mingi, wataacha kuangalia. Njano mubaya moja — hapo sitaki kuandika.

Siku ya tatu, 15 avril

Njano. Nyankunde safi, Mongbwalu safi, upepo hakuna. Nilizunguka juu ya kilima mara mbili, sawa mbuzi kwenye kamba, mupaka mama mumoja wa kuchota maji akauliza nimepoteza nini. Nikajibu bibi. Akakimbia.

Mitumbwi sita ilitoka saa saba. Nililala vibaya vilevile.

Siku ya ine, 16 avril

Njano. Sita zote zilirudi asubuhi, kapiteni wakubwa, Fiacre alipata moja ya urefu wa mutoto wa maternelle. Amesema kichwa yake ni yangu, itapanda na gari ya kesho. Mvua ilipiga Bunia usiku, kilima ni sabuni. Nimeangalia mbingu, bleu. Jean-Claude jirani alikuya na ubao yake ya kucheza dame, nimemupiga mara tatu mfululizo. Sijamupiga tangu Noël. Uso yake ilikuwa sawa mutu aliuziwa mbuzi bila miguu.

*Saa tisa.*

Nimeandika hapo juu: nimeangalia mbingu. Nisome tena. Bleu.

Niliangalia kwenye mulango. Nilikuwa nimekaa. Musoki ndiye aliniita, saa ilikuwa imepita dakika kumi na mimi nilikuwa na dame mbili na yeye hakuna. Papa, rangi gani? Nikainua kichwa, mulango ilikuwa wazi, juu ya choo mbingu ilikuwa bleu kabisa. Njano, mama. Nikarudi kucheza.

Choo yetu iko upande wa mashariki. Mvua inatoka nyuma ya nyumba.

Saa nane Priscille akaanza kutoa nguo kwenye kamba, haraka, bila kuongea. Jean-Claude akainua pua. Nikatoka, nikazunguka nyumba. Nyankunde hakuna tena. Haikuwa mvua ya kawaida. Juu nyeusi, na chini yake ukingo nyeupe, ndefu, sawa ndevu. Ile ndevu ni upepo. Nimeona ile mara tatu katika maisha yangu na mara moja kati yake ilikula watu kumi na moja.

Niliita Musoki. Haipite. Niliita. Haipite. Mara ya sita akajibu, nikamuambia nyekundu, nyekundu, akasema Papa, walitoka saa saba. Ninatundika kwa nani?

Simu yao wanazima. Wanaifunga ndani ya kapoti, ile mupira ya kuzuia mimba, kapoti ndani ya bidon, bidon wanafunga kwa ubao. Kapoti ni mawazo yangu. Nilicheka sana siku nilimufundisha Fiacre ile, nilimuambia ni mara ya kwanza kitu ile inaokoa mutu wa famille yetu.

*Saa tisa na nusu.*

Iko juu ya bati yetu sasa. Priscille anaweka sufuria pale inavuja. Ananiambia Papa toka kwa mulango. Sitoke.

*Saa kumi.*

Hapa imekwisha, inatonatona tu. Iko Bogoro sasa. Watu wa Bogoro wanakimbiza mbuzi.

*Saa kumi na robo au karibu.*

Inaanza kushuka, leo haitangoja masaa tatu. Ile muteremuko inaipa nguvu, sawa lori bila frein. Wako mbali, kwa kapiteni, juu mimi nilisema njano. Wanaona ukuta na mbingu bleu juu ya ukuta. Claude anaimba, anaimbaka vibaya. Fiacre amegeuza mugongo.

Sasa.

Siku ya tano, 17 avril

Mitumbwi ine ilirudi jana giza ikiingia. Ya tano imepatikana asubuhi, imelala ndani ya matete kule muto ya Semliki inaingia, watu wote wazima, mumoja amevunjika mukono. Ya sita ni ya Fiacre na Claude. Hakuna.

Niandike ile najua, labda itatulia. Upepo ya mulima inasukuma kuelekea Uganda. Kama moteur imekufa na mutumbwi imebaki mutumbwi, wanaweza kuamka upande wa pili, wamefungwa na askari, wanapigwa kidogo, wanakula posho ya watu. Namuomba Mungu wafungwe. Sijawahi kumuomba kitu sawa ile, labda atashangaa na atanisikiliza.

Mais iko fileti.

Ndani ya upepo ya sawa ile, weye fileti hauivute. Unafunga kamba yake kwenye pua ya mutumbwi, unaiacha ndani ya maji muzima, inalala kule, inakuwa nzito, inashika pua mbele ya mawimbi. Mutumbwi inaangalia upepo sawa ng'ombe kwenye kamba. Weye unakaa chini, unatoa maji na bassin, unangoja. Ile najua. Nilifanya ile mwaka ya watu kumi na moja, na mimi niko hapa.

Fiacre sikumufundisha ile. Nilimufundisha kuvuta. Alikuwa hajaota ndevu, nikamupiga na kasia kwa mugongo, fileti kwanza, halafu weye. Mara mia. Juu fileti ilikuwa yangu na mutu wa bure alikuwa ameniibia moja. Donc jana, wakati aliona ile ndevu inaruka ukuta, alifanya nini? Mutoto wangu anasikia baba yake. Alisimama upande moja, Claude karibu yake, wakavuta, uzito yote upande ule.

Sikulala. Sasa niandike ingine, ya aibu zaidi.

Saa sita Priscille alikuwa kwenye simu, pale nje, na mama mumoja wa Kasenyi. Nilisikia yote. Kule port wanasema ni Musoki. Wanasema alisikia vibaya, ao hakusikia, alikuwa anaongea na wateja, akachukua pagne yoyote. Wamemwaga karai yake ya mafuta kwenye muchanga. Wamemuuliza kama alitaka kuua ndugu yake juu ya parcelle ya urithi. Musoki anasema tu: niliweka ile Papa Étienne alisema. Wanamucheka. Muzee akose wingu ya Nyankunde? Ile hata kipofu wa Bunia aliiona.

Na Priscille wangu, binti ya mama yake, akasimama wima pale karibu na kamba ya nguo:

— Baba yangu hawezi kusema njano siku sawa jana. Hawezi. Nilipotoka soko mawingu ilikuwa tayari nyeusi. Huyo mama ajitafutie uongo ingine.

Gari ilikuwa imeleta kichwa ya kapiteni asubuhi, imefungwa ndani ya majani ya ndizi, na jina yangu juu ya karton, maandiko ya Fiacre. Priscille aliipika juu hakujua afanye nini ingine na mikono yake. Wakati alisema ile, mimi nilikuwa natafuna shavu ya ile samaki.

Niliendelea kutafuna.

Akaingia, macho nyekundu, akasema Papa usiogope, hakuna mutu atakusingizia. Nikasema asante, mama.

Jean-Claude alikuya jioni. Yeye anajua. Alikuwa pale, aliona niliangalia wapi. Akakaa, hakufungua dame. Kisha muda akasema nilikuwa nataka kukuambia uzunguke nyumba, lakini ulikuwa unanipiga, nikafikiri utasema nakutoa nje juu niibe kwa dame. Alilia, muzee wa miaka makumi saba. Nikamuambia aende kulala, analia vibaya sawa anacheza. Hata hapo nilitania. Mudomo yangu inatembea peke yake, sawa kuku wamekata kichwa.

Siku ya posho, ya sita, 18 avril, juu ya kilima

Jean-Claude alinivuta mupaka hapa. Yeye mbele, fimbo kati yetu, mimi nyuma. Tulianguka mara mbili. Sasa amekaa, anapumua sawa moteur ya zamani. Simu iko kwenye goti yangu na sauti kubwa. Naandika nikingoja saa tano.

Hivi ndivyo ilikuwa. Saa mbili mashua ya wachuuzi wa Uganda iliingia Kasenyi. Wanasema jua ikitoka waliona mutumbwi imepinduka, mbali, kati ya maji. Wawili juu ya tumbo yake. Mumoja alipunga mukono. Ingine alilala. Walikuwa wamejaa watu na mizigo mupaka kwa ukingo, hawakuthubutu kukaribia, wakaogopa watu wote watasimama upande moja. Siwalaumu. Ndiyo, nawalaumu.

Mumoja alipunga. Hawajui nani.

Mitumbwi tatu za moteur iko tayari kule chini, essence imejazwa, watu wamevaa. Ni masaa mbili ya kwenda na zaidi ya kurudi. Lakini jana kisha mchana upepo ilirudi tena kwa nguvu, wanaogopa, na wako na haki. Wako wanaangalia muti ya Musoki. Wale wale walimwaga mafuta yake. Wamemuambia: leo mwite muzee mbele yetu, tusikie na masikio yetu.

Musoki alikuwa ameniita kwanza, saa tatu, peke yake, nyuma ya nyumba. Nilikuwa bado kwenye barabara.

— Papa, wataniambia nikuite mbele yao saa tano. Useme vizuri. Useme polepole.

— Musoki.

— Ndiyo Papa.

— Siku ya ine sikuangalia.

Nikaongeza haraka:

— Nilikuwa nacheza dame. Niliangalia kwenye mulango, juu ya choo. Ni mimi. Weye ulisikia vizuri. Nitasema mbele ya watu wote, saa tano, nitaanza na ile.

Nilisikia kuku kule kwake. Nilifikiri amekata. Halafu akasema, na sauti chini, bila hasira hata kidogo, na ile iliniogopesha kupita matusi:

— Hapana.

— Musoki, wamekuchafua jina.

— Hapana, Papa. Utasema kisha. Ukisema leo, hakuna mutu atawasha moteur. Wanakwenda juu wanaamini macho yako. Wacha waamini. Ndugu yangu iko kule.

— Na mimi mwanangu.

— Basi panda. Uangalie. Pande zote, hata nyuma ya choo.

Hakucheka. Ni mimi ningecheka.

Sasa ni saa tano kasoro kidogo. Niandike wingu, cahier ni ya wingu.

Nyankunde: safi. Kabisa safi, nyumba za mbali zinaonekana.

Mongbwalu: wingu moja. Kubwa, ya rangi ya majivu. Chini yake ndevu nyeupe hakuna. Nimekaza macho mupaka inatoka machozi. Hakuna. Nafikiri hakuna. Jean-Claude anasema hakuna. Jean-Claude haone vizuri hata dame yake.

Juu yetu: bleu, na michirizi mirefu sawa mutu amekwaruza na kucha. Ile sijui.

Upepo: hakuna. Majani hayatikisike. Siku zingine ile ni vizuri. Siku ya watu kumi na moja vilevile hakukuwa na upepo asubuhi.

Zamani ningesema tungoje saa moja. Saa moja tu, wingu ya Mongbwalu itachagua njia yake, nitajua. Saa moja, na ile mutu amelala juu ya mutumbwi tangu juzi, jua kwenye kichwa, maji chini. Nikisema njano na wingu ishuke, si wawili tena, ni wawili na watu tisa wa mitumbwi tatu. Nikisema nyekundu watakaa, wananiamini. Watakaa kwenye muchanga na kuangalia maji, na hakuna mutu atanishitaki. Nyekundu hakuna mutu alishaka kufa nayo kwenye ukingo.

Sitanii. Natafuta ya kutania, sipate.

Simu imelia. Ni Musoki. Nyuma yake watu wengi, wanasema kimya, kimya, muzee anaongea. Anauliza, kwa sauti ya watu wote wasikie: Papa Étienne, rangi gani?

Nimemuambia ngoja kidogo, mama, naangalia.

Ameniitikia. Hajakata. Nasikia moteur moja inawaka, ya pili, ya tatu, zinazunguka pale pale bila kwenda.

Ile wingu haiende, hairudi.

Nimezunguka mara ine. Nazunguka tena.